Ile F Ina Kiuno

Nianze kwa kuomba radhi: kisa hiki huwa nakiharibu. Kina mahali pa kucheka, na kila nikipakaribia nacheka mimi kwanza, wasikilizaji wakabaki kunitazama kama mgonjwa. Leo nitajikaza. Pale kona, mbele ya kinyozi, pana benchi lenye mguu mmoja wa tofali, na juu yake kila jioni huketi Brashi, mchora mabango. Enzi zake mtaa mzima ulisema kwa mkono wake: bucha, duka la dawa, fundi viatu, hata onyo la mbwa mkali kwenye nyumba isiyo na mbwa. Siku hizi maduka yanatundika maturubai ya kuchapwa kwa mashine. Jua likiyapiga kidogo tu, yanapauka kama kaptura ya shule. Ndipo binti yake akamfungulia duka la mtandaoni, auze vibao vya majina akiwa nyumbani, katika chumba chake cha rangi na tapentaini kule uani. Ila alimwambia wazi: “Baba, mwezi ukiisha bila mteja, chumba tunakipangisha.” Mwezi ulikuwa unaisha. Brashi alikumbatia kikombe cha kahawa kwa mikono miwili, simu mapajani, macho kwenye kioo chake kama yuko kwenye mtihani.

— Bado tu? aliuliza Breki, dereva mstaafu, aliyepewa jina hilo kwa sababu mdomo wake haukuwa nazo.

— Wanaingia, wanatazama, wanatoka, alisema Brashi. Juzi mmoja kaandika “pole sana”. Mwingine kaandika “tutawakumbuka”.

— Pole ya nini?

— Nitajuaje? Labda wameona ninavyoteseka.

Antena, aliyekuwa fundi wa televisheni tangu zile za kupigwa kofi ndipo zionyeshe, akaweka kikombe chini.

— Hapo kuna mkono wa mtu. Kuna jamaa anaitwa Algo.

— Algo nani?

— Algo Rizimu. Ndiye mkubwa wa mtandao wote. Anakaa anapanga: huyu aonekane, huyu afichwe.

— Wewe umeshamwona?

— Haonekani! Ndio ukubwa wenyewe huo.

— Kama ni mkubwa, basi ana dereva, alisema Breki. Nitafutieni dereva wake, tuyamalize kidereva.

— Au ni setilaiti, Antena alizidi kupanda. Ikipita juu ya bati lenye kutu inateleza. Sasa hivi kuna mtu ng’ambo huko anapokea wateja wa Brashi, na hata brashi yenyewe hajui inashikwaje.

— Maskini! Atakuwa amechanganyikiwa huyo.

Walicheka. Brashi hakucheka. Alikuwa anautazama ukuta wa kinyozi, ambako chini ya turubai jipya herufi zake za zamani zilikuwa zinachungulia.

— Zamani mteja alikuja na miguu yake, alisema. Anakushikia ngazi huku anabishana nawe juu ya mkia wa herufi. Ukimaliza mnavuka barabara wote wawili, mnasimama upande wa pili, mnautazama ubao. Mtu mzima na ndevu zake anasoma jina lake kama ndiyo kwanza amepewa.

Breki akasogea karibu.

— Hebu, picha ya mbele ya hilo duka umeweka ipi?

— Kazi yangu bora kuliko zote. Ule ubao niliomchorea marehemu mke wangu, wa duka lake la vifungo na nyuzi. Tulikuwa hatujaoana bado. Jioni akiutundika tu mlangoni, anatoka, namsindikiza kwao. Mpaka leo nikiutazama nasikia kufuli, halafu viatu vyake.

Akawapa simu, wakaipokezana.

— Aisee! Kijani na kivuli cha dhahabu!

— Ile F ina kiuno.

— Na hiyo G inavyojikunja! Mtu akiona hii anunue nini tena kwingine?

Wakati huo akatokea dada mmoja, unga umemkauka viwikoni, naye ana simu mkononi.

— Shikamooni, wazee.

— Marahaba.

— Namtafuta mchora vibao wa mtandaoni. Naanza kuoka mikate, nataka kibao chenye herufi kama hizi. Ila nilitaka kwanza kujua: kwa nini mmefunga?

— Nani kafunga? aliruka Antena.

Dada akawageuzia simu. Kijani na dhahabu, F yenye kiuno katikati, ubao mzima ulikuwa na neno moja: TUMEFUNGA.

Breki alifungua mdomo, na kwa mara ya kwanza maishani akazipata breki.

Brashi aliutazama ubao wake muda mrefu. Miaka yote hiyo hakuwahi kulisoma neno lile. Kwake yeye lilikuwa na maana moja tu: mchumba wake anakuja sasa hivi.

— Kwa hiyo ile pole... alisema Antena polepole.

— Ilikuwa pole ya msiba wa duka, alimalizia Breki.

— Na Algo je?

Brashi alikuwa ameshasimama, anajipangusa suruali.

— Twende uani, mwanangu, ukanishikie ubao, alimwambia dada wa mikate. Kisha akawageukia wenzake, akajigonga kifua:

— Mwacheni Algo wa watu. Mchawi wangu ni huyu hapa, ananuka tapentaini.