Zamu ya Maji ya Mama Anaeli

Mchungaji, wazee wetu, ndugu na majirani, siku ya Jumanne tarehe 15 Novemba 1983, saa tisa alasiri, marehemu mke wangu alikuwa amekaa kwenye kigoda mlangoni, mguu wa kulia umeegeshwa juu ya gunia, akiniangalia nikipalilia bustani yake ya mboga, akaniambia, "Baba Anaeli, hayo unayong'oa si magugu, ni mboga ya mnavu, au Makerere hawafundishi mnavu?" Nilipanda tena miche mitatu, miwili ikanyauka, na hilo ndilo jambo la mwisho la kawaida lililotokea nyumbani kwetu. Kwa desturi ndugu ndiye husoma historia ya marehemu, lakini nimemwomba mdogo wangu Sirili anipishe, kwa sababu humu mna tarehe moja ambayo si haki kumpa mtu mwingine aisome.

Eliona Ebenezeri alizaliwa kijiji cha Mamba tarehe 9 Machi 1940, akiwa mtoto wa tatu wa mzee Ebenezeri na mama Elinipendo, akasoma hapo hapo Mamba, akamaliza shule ya kati ya wasichana mwaka 1956, akasomea ualimu miaka miwili, na Januari 1959 akaanza kufundisha. Siku ya Uhuru aliwapeleka Himo wanafunzi arobaini na mmoja kuona sherehe, na alipenda kusimulia kwamba alirudi na arobaini na wawili, wala hakujua wa ziada ni wa nani mpaka mama yake alipokuja kumdai. Mimi siku hiyo nilikuwa Kampala masomoni, kwa hiyo hadithi hiyo, kama nyingine nyingi za maisha yake, niliisikia tu.

Tulifunga ndoa Jumamosi tarehe 28 Desemba 1963, tukajaliwa watoto watatu, Anaeli mwaka 1965, Esther mwaka 1968 na Gabriel mwaka 1972. Mwaka 1974 nilihamishiwa kituo cha Mkuu kama bwana shamba, nikawa narudi nyumbani Jumamosi na kuondoka Jumapili jioni, na wakati mimi nikizunguka vijijini kuhimiza mashamba ya ujamaa, kihamba chetu, yaani shamba la nyumbani, kahawa yake, migomba yake na ng'ombe wake wawili, vilikuwa mikononi mwa marehemu.

Tarehe 4 Julai 1977 aligunduliwa kuwa na ugonjwa wa sukari, na mwaka uliofuata akaacha kazi ya ualimu. Kila siku saa kumi na mbili asubuhi alichemsha bomba la sindano, akajidunga paja, akala, na saa moja alikuwa tayari yuko kwenye migomba, huku dawa yake ikikaa katika chungu kilichofungwa kitambaa chenye maji. Mwaka 1979 nilimkuta anatetemeka kwa sababu alijidunga sindano akachelewa kula, nikamkataza jembe miezi mitatu. Tangu hapo hakutetemeka tena mbele yangu, na mimi niliandika katika daftari langu kwamba amepata nafuu.

Wengi wenu mnajua kwamba zamu yetu ya maji ya mfereji ilikuwa Alhamisi, pamoja na jirani yetu bwana Ndelilio, ambaye kihamba chake kinapakana na chetu. Juni mwaka huu nilikuwa likizo, na Alhamisi mbili mfululizo niliona kwenye jiwe la kugawia maji vipande vya muwa vilivyomenywa, vikafungwa vizuri kwa jani la mgomba, marehemu akavichukua bila kuuliza, yeye na Ndelilio wakacheka. Sikumbuki kama alikuwa amewahi kucheka hivyo tukiwa wawili. Sikumuuliza. Nilikwenda kwa mzee Mathayo, msimamizi wa mfereji, nikamweleza kwa hoja za kitaalamu kuhusu unyevu wa udongo kwamba kihamba changu kingefaa kumwagiliwa Jumanne, naye akanikubalia kwa heshima ya elimu yangu. Hapakuwa na hoja yoyote. Nilikuwa na wivu.

Jumamosi tarehe 24 Septemba niliona kidonda mguuni mwake, akasema amejikwaa. Kidonda hakikupona, mguu ukaoza, nikachukua ruhusa kazini nikae naye, tarehe 16 Novemba tukampeleka hospitali mjini Moshi, na Ijumaa tarehe 18, saa nne na robo asubuhi, akafariki dunia.

Kwa niaba ya familia nawashukuru madaktari na wauguzi, nawashukuru walimu wenzake, na akina mama wa mtaa huu, hasa Justina, aliyekamua ng'ombe wetu siku zote hizo. Aliyebaki ni Ndelilio, na shukrani yake inahitaji maelezo.

Jumamosi asubuhi, siku ya pili ya msiba, niliketi kuandika historia hii, nikafika mahali pa kuandika siku marehemu alipoumia, nikaona siijui. Watoto hawakuijua. Nilimjua mtu mmoja tu ambaye huenda angeijua, na nakiri kwamba niliikalia kalamu saa nzima, kwa kuwa niliona afadhali pabaki wazi kuliko nimwombe yeye tarehe ya mke wangu. Kisha nikapita kwenye migomba hadi uani kwake.

Ndelilio alinipa kiti kwanza. Akaniambia kwamba ule muwa ulikuwa dawa, kwa sababu marehemu alikuwa akishikwa na kizunguzungu mferejini sukari ya mwilini iliposhuka, na sukari dukani hakuna, akaogopa nikijua nitamnyang'anya jembe moja kwa moja. Akaniambia kwamba Jumanne tarehe 6 Septemba 1983 alisikia maji yanamwagika ovyo, akaenda, akamkuta marehemu amekaa ndani ya mfereji peke yake, jembe limemkata mguu, naye hajui yuko wapi. Nilimuuliza kwa nini alinificha. Akasema, "Aliniapisha, bwana shamba. Alisema, Baba Anaeli asijue ilikuwa Jumanne, maana Jumanne ni yake, na hataweza kuibeba."

Kumbe alijua ni nani aliyebadilisha zamu, akala nami kila Jumamosi, asinitajie.

Nilitoa kalamu, nikaandika tarehe hiyo palepale, nikamwomba Ndelilio anihakikishie kwamba nimeiandika sawasawa, akasema ni sawasawa. Ndiyo niliyowasomea.

Mama Anaeli, pumzika. Nimeibeba.