Sababu ya Likizo: Kutazama Filamu

Wasikilizaji wapendwa, vuteni viti, sogeeni karibu na redio. Leo tunamkumbuka dobi. Dobi wa hospitali, mama aliyefua na kupiga pasi mashuka ya wagonjwa kwa miaka thelathini na mmoja. Alitutoka Jumanne iliyopita, kifua kikiwa kimemsumbua miezi mingi. Wenzake walimwita Mama Bure. Jina hilo hawakumpa kwa kumheshimu.

Alilipataje? Kila mwaka, katika ukumbi mmoja wa ghorofani, huwa kuna tamasha la filamu za nje. Siku sita, kiingilio bure. Waheshimiwa wenye tai huja siku ya ufunguzi, wakapigwa picha, wakaenda zao. Mama Bure alikuja siku zote sita. Narudia, zote sita, tangu mlango unafunguliwa.

Shule aliiachia darasa la nne. Yale maandishi yanayopita chini ya picha yalimkimbia. Basi akajitafutia njia yake: kila filamu aliitazama mara mbili. Mara ya kwanza alisoma tu, midomo ikicheza, macho hayapandi juu. Mara ya pili aliyaacha maneno yajipitie, akatazama nyuso za watu. Kwa hiyo jioni moja moja haikumfaa. Alitaka wiki nzima.

Shemeji yake, mume wa dada yake, alimcheka. "Mtu mzima unakwenda kukodolea macho watu usioelewa wanachosema?"

"Wewe umekaa na dada yangu miaka ishirini," akamjibu. "Umemwelewa?"

Sasa, wasikilizaji, akaja msimamizi mpya. Yule wa zamani alisaini fomu za likizo bila kuzisoma. Huyu alisoma. Na fomu ile ina mstari: sababu. Pale chumba cha kufulia wote waliandika msiba. Kuna shangazi wa mtu alikuwa ameshakufa mara tano. Mama Bure akaandika kwa mwandiko wake wa polepole: kutazama filamu.

Fomu ikarudi imechorwa msalaba mwekundu.

"Andika msiba, dada," mwenzake akamnong'oneza. "Nani atakwenda kukagua kaburi?"

"Shangazi yangu mzima, anakula na kushiba. Nimzike kwa ajili ya huyu bwana?"

Akaandika tena vilevile. Msalaba. Akaandika tena. Msalaba. Mara ya nne akaitwa ofisini.

"Mama, likizo ni ya watu wenye shida."

"Mwanangu, shida ninazo mwaka mzima. Mbona hujanipa likizo?"

"Ukienda, pasi yako utaikuta na mtu mwingine."

Akaenda.

Msimamizi hakutania. Mama aliporudi alikuta pasi anayo mtu mwingine, na yeye akapelekwa kwenye mapipa ya kuloweka. Huko ndiko yanakokwenda mashuka ya chumba cha upasuaji, yenye damu, ndani ya dawa kali inayobambua kucha. Binti yake ananiambia: "Nilimsihi akaombe radhi. Tuligombana, sahani mezani zikapoa. Nikamwambia, mama, umeiponza mikono yako kwa ajili ya picha. Akasema, mikono wanayo wao tangu alfajiri mpaka jioni. Macho ni yangu."

Mwaka uliofuata akaandika yaleyale. Na uliofuata. Mwaka wa tatu msimamizi akasaini bila kuinua kichwa. Lakini pasi hakurudishiwa. Nasema wazi ili asije mtu akapaka sukari hadithi hii: hakurudishiwa mpaka amestaafu.

Binti alimuuliza siku moja, huko ukumbini unapata nini? Mama akasema: "Nimeona mzee mmoja, nchi ya theluji, kafiwa na mkewe. Anakunja shuka lao peke yake. Analikunja vibaya, pembe hazikutani. Nilitaka niingie mle nimshikie upande wa pili."

Msibani hawakukosa wasemaji. Eti filamu ndizo zimemmaliza, eti mwaka jana angelala kitandani na kifua chake badala ya kukimbilia ukumbini. Binti, yuleyule aliyekuwa akigombana naye, akasimama kando ya jeneza. "Mama amefua miaka thelathini na mmoja," akasema, "na hakuna hata mmoja wenu aliyesema kufua kutammaliza. Ile wiki moja kwa mwaka ndiyo mmeiona?"

Shemeji aliinamisha kichwa.

Binti, pole sana. Dada wa marehemu, pole. Shemeji, pole nawe. Akina mama wa chumba cha kufulia, mliobaki na mapipa yale, poleni. Mola ampe pumziko, nanyi awape nguvu.

Na sisi tuliobaki tujiulize. Tamasha la mwaka huu linafunguliwa Jumatatu, saa nne asubuhi. Najua wengi mtasema hamna nafasi. Hata yeye hakuna aliyempa. Aliichukua.