Mkono wa Kushoto

Edgar: Haloo! Nani mwenzangu?

Alphonce: Ni mimi, Edgar.

Edgar: Mimi nani? Paza sauti, kuna kijana anachomelea bomba hapa –

Alphonce: Alphonce. Shemeji yako. Wa Lushoto.

Edgar: Aaa, shemeji! Shikamoo. Namba ngeni, nikajua mteja.

Alphonce: Marahaba. Nimenunua simu. Jana.

Edgar: Hatimaye! Uliapa hutainunua mpaka walete yenye waya. Sasa utakuwa unampigia mkeo, dada Rahabu, kila jioni, simu ya Mama iko hapo hapo kitandani kwake.

Alphonce: Sijampigia.

Edgar: Haya. Habari za huko? Mvua?

Alphonce: Ipo. Edgar, nimesikia ukoo wenu umekaa kikao.

Edgar: Umesikia wapi?

Alphonce: Nathanaeli, ndugu yenu, alipanda na basi la asubuhi kutoka Mombo. Kaniambia sokoni, mbele za watu.

Edgar: Huyo naye mdomo wake hauna kitasa. Ndiyo, walikaa Jumamosi, kule nyumbani Mnazi. Baba na baba wadogo wote. Wamesema ile skuta yenu niliitafuta mimi, bandarini niliitoa mimi, breki nilizikagua mimi. Breki zikagoma, dada akavunjika mgongo, hatembei. Kwa hiyo Jumapili baada ya ibada nipeleke mbuzi, nipige magoti mbele yake, nimwombe radhi.

Alphonce: Ukasemaje?

Edgar: Nikasema sawa. Mbuzi ninaye hapa gereji, tangu asubuhi ameshakula tambara la oili na nusu ya risiti za mteja. Unamsikia?

Alphonce: Namsikia.

Edgar: Ana roho mbaya huyu, sijawahi ona.

Alphonce: Usimpeleke.

Edgar: Nini? Unakatika-katika –

Alphonce: Mbuzi. Usimpeleke.

Edgar: Shemeji, baba yangu, mzee Sefania, hajaitikia shikamoo yangu miezi minne. Minne! Naingia, namwamkia, anaangalia kuku. Wateja wananiuliza, fundi, breki zako zinashika kweli? Kama mbuzi atamaliza hilo –

Alphonce: Breki hazikugoma.

[mtandao unakwaruza]

Edgar: Sema tena?

Alphonce: Nimepanda kwenye jiwe nyuma ya kanisa, ndipo mtandao unapokamata. Unanisikia sasa?

Edgar: Nakusikia. Wee kijana, zima hiyo mashine! Zima! ... Endelea.

Alphonce: Breki zilishika. Zilishika vizuri mno.

Edgar: Mh.

Alphonce: Pikipiki ya gia nimeendesha miaka kumi na saba. Tangu nikiwa bwana shamba, mpaka serikali ilipotupunguza kazini, na baada ya hapo nikibeba mbegu na dawa za kabichi. Kona za huku nazijua. Ukifika kwenye kona unabana klachi, mkono wa kushoto, unashusha gia kwa mguu. Sifikirii. Mkono unakwenda wenyewe.

Edgar: Najua.

Alphonce: Skuta haina klachi. Uliniambia siku ile ile. Ulinishika huu mkono ukasema, shemeji, hapa sasa ni breki ya nyuma, usipasahau.

Edgar: Nilikuambia mara tatu.

Alphonce: Mara tatu. Nikaendesha wiki mbili vizuri tu. Rahabu akafurahi. Mgongo ulikuwa unamsumbua kwenye ile ya zamani, akasema hii kiti chake kama kochi, anaweka kikapu mbele, kitenge hakipandi magotini. Alikuwa anawapungia watu.

Edgar: Shemeji, mbona unaongea kama unasoma matangazo ya ibada?

Alphonce: Ndivyo ninavyoongea siku hizi. Sisikii kitu, Edgar. Juzi nimemwagikiwa na uji wa moto, nikakaa naangalia tu. Rehema wa jirani ndiye aliyepiga kelele.

Edgar: Pole.

Alphonce: Kona ya chini ya Magamba, kulikuwa na tope. Nikasahau niko kwenye nini. Mguu ukatafuta gia, hamna. Mkono ukabana. Nikabana mpaka mwisho, kama klachi. Tairi la nyuma likaganda, likateleza pembeni. Mimi nikaanguka kwenye majani. Rahabu akaenda kwenye jiwe.

Edgar: Na habari ya breki kugoma?

Alphonce: Sikuisema mimi.

Edgar: Nani basi?

Alphonce: Walikuja watu. Mmoja akauliza, breki? Nikaitikia, ee. Basi. Neno moja. Nilipofika hospitali lilikuwa limeshatangulia, kila mtu ananipa pole ya breki. Baba yako akasema, huyo Edgar na vyuma vyake vya mitumba. Nikanyamaza.

Edgar: Ukanyamaza.

Alphonce: Nikanyamaza. Kesho nitasema, kesho nitasema. Kisha wakampeleka Mnazi, wakasema nyumba yangu iko mteremkoni, ina ngazi arobaini, kiti cha magurudumu hakipandi. Nikasema sawa. Nashuka kila Jumapili. Nakaa kwenye kigoda, ananiangalia. Namuuliza umekula? Anasema nimekula. Basi narudi.

Edgar: Umemaliza?

Alphonce: Nimemaliza. Nataka nije Jumapili niseme mbele ya wazee. Mbuzi nitapeleka mimi. Wewe usipige magoti. Hukukosa kitu.

Edgar: Najua sikukosa.

Alphonce: Ndiyo maana nasema –

Edgar: Hunisikii. Najua. Tangu wiki ya pili.

Alphonce: Nani alikuambia?

Edgar: Skuta yenyewe si niliivuta mpaka hapa? Nikaifungua breki moja moja, nikilia kama mtoto, natafuta kosa langu. Sikuliona. Nikaenda hospitali, nikamwambia dada, sioni kosa. Akaniambia, hutaliona. Breki zako zilishika, Edgar. Nilikuwa nyuma yake, niliuona mkono ukivuta.

[mtandao unakwaruza]

Edgar: Haloo? Upo?

Alphonce: Nipo.

Edgar: Akasema, usimwambie mume wangu kuwa najua. Na Baba usimwambie. Nataka anieleze mwenyewe.

Alphonce: Miezi minne?

Edgar: Miezi minne! Unadhani mimi nilikuwa nafurahi? Nimetukanwa na baba wadogo mpaka yule aliyekuwa ananiomba nauli! Jumamosi nilitaka kusimama niwaambie, jamani ee, ulizeni yule bwana shamba wenu. Dada alikuwa pale kwenye kiti chake. Akanitazama tu. Nikakaa chini, nikasema sawa, mbuzi.

Alphonce: Mungu wangu.

Edgar: Ngazi siyo sababu, shemeji. Timotheo seremala alishasema siku mbili anaweka njia ya mbao. Rahabu ndiye aliyekataa kurudi. Anasema kuanguka, watu wanaanguka. Ila hawezi kulala nyumba moja na mtu anayemuuliza umekula.

Alphonce: Alikuwa ananiangalia.

Edgar: Alikuwa anasubiri.

Alphonce: Kila Jumapili.

Edgar: Kila Jumapili. Ukiondoka anaomba ageuziwe ukutani.

[Alphonce anavuta kamasi]

Edgar: Shemeji? Unalia?

Alphonce: Sijui. Uso umelowa.

Edgar: Basi unalia. Lia, si vibaya.

Alphonce: Nitashuka Jumapili. Nitamweleza kabla ya –

Edgar: Jumapili ya nini tena? Simu unayo mkononi! Una salio?

Alphonce: Niliweka vocha ndogo. Imelia mlio wa kuisha sasa hivi.

Edgar: Mlio! Hiyo ni dakika moja au mbili. Nikatie, umpigie.

Alphonce: Atapokea Mama.

Edgar: Mwamkie, mwambie ampe Rahabu. Asipokuelewa rudia.

Alphonce: Nianzie wapi?

Edgar: Kwenye mkono. Anza hapo hapo, usimuulize kama amekula!

Alphonce: Na akinyamaza?

Edgar: Sema tu mpaka ikatike. Simu ya Mama ina salio, niliiwekea juzi. Rahabu akitaka atakupigia.

Alphonce: Edgar, wewe nisame –

Edgar: Mimi baadaye! Anza na yeye. Kata!