Ardith Napier na Usaili wa Pell Fork

Ndugu, jamaa na majirani mliokusanyika katika kanisa hili la Pell Fork, sisi wa familia tunawashukuru kwa kuja kumsindikiza dada yetu, na tunaomba mtuvumilie, kwa sababu maisha yake hayakuwa mepesi, na mwenyewe alitukataza kuyapamba.

Ardith Napier alizaliwa tarehe 14 Machi 1961 hapa hapa Pell Fork, mashariki ya Kentucky, mtoto wa kwanza wa mchimba makaa ya mawe Estill Napier, aliyepigwa risasi wakati wa mgomo wa mwaka 1974, akafia kwenye ngazi za nyumba yake, binti yake akitazama.

Alimaliza sekondari mwaka 1979, na tarehe 7 Juni 1980 akafunga ndoa na Denver Sizemore, wakajaliwa binti mmoja, Corinna. Ndoa ile ilikuwa ya ngumi. Siku ya Krismasi mwaka 1986 Denver alimvunja taya na mbavu mbili, Ardith naye akamtwanga kichwani kwa kikaango cha chuma, akambeba mtoto, akatembea maili nne kwenye theluji hadi hospitali, asirudi tena. Ni katika zile wiki sita za taya kufungwa kwa waya ndipo alipoamua kuwa muuguzi.

Alihitimu mwaka 1990, akafanya kazi wodini huku akiendelea kusoma, hadi Mei 2002 alipopata cheti cha muuguzi tabibu, yaani muuguzi anayeruhusiwa kupima, kutibu na kuandika dawa. Aliandika barua thelathini na nane za kuomba kazi, na majibu yakawa yale yale, kwamba hana uzoefu wa kutibu, na ofisi moja ikamwambia arudi akishaupata, bila kumwambia ataupata wapi. Ikabaki zahanati yetu, ambayo muuguzi tabibu wa mwisho aliikimbia baada ya madirisha yake kumiminiwa risasi, kwa sababu ya vile vidonge vya kutuliza maumivu ambavyo watu walivigeuza ulevi, vikatumalizia vijana.

Jumatatu tarehe 9 Septemba 2002, saa nne asubuhi, alikuwa mbele ya Daktari Hobart Fugate, msimamizi wa zahanati, akijibu swali la pili la usaili, aliposikia yowe la karani. Travis Slone, kijana wa hapa hapa, aliingia na bunduki, meno ya karani ameshayamwaga sakafuni kwa kitako cha bunduki hiyo, akidai vidonge, na daktari aliposema havipo, akampiga risasi ya paja. Damu iliruka hadi ukutani. Ardith alipiga magoti, akavua mkanda wake na kuufunga mguu ule, mtutu ukiwa shingoni mwake, na wala hakupandisha sauti.

"Travis, weka hiyo chini, bonyeza hapa kwa mikono yote miwili. Huyu akifa, umeua."

"Nipe dawa kwanza, mama."

"Bonyeza kwanza."

Travis akabonyeza, huku analia. Polisi walipofika walimshukia kwa marungu, wakamvunja mkono, na Ardith akawasukuma pembeni, akamfunga bendeji huyo naye.

Alirudi nyumbani, akakaa ndani ya maji ya moto bafuni hadi yakapoa. Corinna, wakati huo msichana wa miaka ishirini, alimsihi asirudi kule.

"Sasa nani ataniambia sina uzoefu?" Ardith akasema, akacheka, kisha akalia sana.

Jumatano Daktari Fugate, ameshakatwa mguu, alisaini mkataba wa kumwajiri Ardith akiwa kitandani hospitalini, na Alhamisi, polisi walipomaliza kazi yao, Ardith alifungua zahanati, akapiga deki damu iliyokauka, akaanza kuita wagonjwa.

Alihudumu miaka ishirini na mmoja, akiwa kiziwi wa sikio la kulia kwa mlio wa bunduki ile, na mwaka 2009 akachomwa kisu begani. Hakuwa mpole, wengi wenu mlifokewa, lakini hakumfungia mtu mlango.

Novemba 2023 aligundulika kuwa na saratani ya kongosho, ikamrarua kwa miezi mitatu, na Ijumaa tarehe 2 Februari 2024 akafariki nyumbani, mikononi mwa Corinna, akiwa na miaka sitini na miwili. Alituagiza tutangaze kwamba zahanati haina mtu, na mwenye cheti aje.

Tunawashukuru madaktari waliompunguzia maumivu, majirani mliomkatia kuni na kuleta maharage na mkate wa mahindi, na wafanyakazi wenzake mliomwogesha kwa zamu.

Ardith, umepigana vya kutosha. Sasa pumzika, na amani ikulinde.