Papa Védaste Muhire na Mashini Isiyoshuka Mubi

Mchungaji, ndugu, majirani wa Nyabiondo, na ninyi mliopanda kutoka Mubi: tunayemzika leo ni Védaste Muhire. Anayewasomea ni Laetitia Mukundwa, binti yake wa kwanza. Niliombwa niandike maneno matamu. Nimeandika ya kweli, na matamu yaliyomo ni yale aliyoyastahili.

Papa alizaliwa hapa Nyabiondo tarehe 12 Machi 1961, mtoto wa pili wa mfugaji Shyaka na mkewe Murekatete. Mtoto wa kwanza ni Sebarenzi, baba yetu mkubwa, ambaye leo amekaa kiti cha mbele. Papa hakuwa mtoto mpole. Bibi alisimulia kwamba siku moja alitumwa kuchunga ng'ombe, akarudi na pampu ya baiskeli ya katekista vipande vipande, na ng'ombe wakiwa ndani ya maharagwe ya watu.

Alimaliza shule ya msingi hapahapa mwaka 1973. Sekondari aliianza Masisi, akafukuzwa mwaka wa pili kwa kumjibu mwalimu. Hakujuta, na sisi wanawe alitukataza kumwiga.

Mwaka 1979 alishukia Mubi, kule chini msituni, kwa kaka yake Sebarenzi, akajifunza ufundi wa malori. Hukohuko alimpata Jeannette, binti wa wakulima wa msituni. Walifunga ndoa kanisani tarehe 20 Agosti 1988. Sebarenzi hakuja. Alisema mwanamke wa pori hatavumilia baridi ya mlima. Mama yupo hapa, mvumilivu bado.

Kazi ya Papa mnaijua, maana mmekula unga wake. Pale Kalembe lilikufa gari dogo la zamani, lile lenye mgongo wa kobe, ambalo injini yake haina maji, inapoozwa na upepo tu. Alinunua injini tu, gari akaliacha. Akaitia silinda pana zaidi, akaifungia karabirateri ya gari lingine, ile inayochanganya hewa na esansi, yaani petroli, akaiunga kwa mkanda na mashini ya kusaga. Ilipokuwa Mubi iliimba. Alipoipandisha hapa mwaka 1991 ilikohoa moshi mweusi, na watu wakamcheka. Papa hakuwahi kusamehe kicheko kile.

Ndipo alipojifunza kwamba hewa ya mlimani ni nyembamba kuliko ya msituni. Alipunguza jikleri, kile kitundu kinachopitisha esansi. Kisha akazungusha delco, kichwa kinachogawa moto, ili cheche iruke mapema kidogo. Alipima kwa taa ndogo ya pikipiki: taa inapowaka, hapo ndipo cheche inaporuka. Kwenye puli alichonga alama mbili, moja ya Mubi, nyingine ya Nyabiondo. Zaidi ya Mama na mimi, aliotufundisha, hakuruhusu mtu kugusa, wala kumdharau. Hata mteja aliyemwita kwa mluzi alirudi nyumbani na mahindi yake mazima.

Noeli ya 2016 Sebarenzi alikuja kututembelea. Papa alipokwenda kanisani, yeye alifungua mashini.

"Iko inalia kama muntu mugonjwa," alisema. "Mimi njo nilimufundisha huyu."

Akaweka jikleri kubwa, akarudisha delco kwenye alama ya Mubi. Papa aliporudi alikuta moshi umejaa uani na wanawake wanapiga kelele: "Papa Védaste, unga yetu iko inanuka esansi!"

"Kaka," Papa alisema, "weye unaipimaka na hewa ya Mubi. Huku hewa iko kidogo, na esansi ikuwe kidogo. Toka kwa mashini yangu."

Akaifunga upya bado amevaa shati la kanisani. Tangu siku ile kaka yake hakukanyaga hapa.

Tarehe 6 Mei 2024 Papa alianguka kando ya mashini. Mkono na mguu wa kushoto vikafa. Barabara ilikuwa imefungwa, hivyo vijana wa kijiji walimbeba kwa kipoyi, machela ya miti, mpaka hospitali, na daktari akasema ni tension, shinikizo la damu, mshipa umepasuka kichwani. Alirudi nyumbani akiwa hasemi vizuri. Alikula kwa mkono wa Mama tu, na Mama alikula sahani ileile. Alifariki tarehe 2 Juni, saa nne asubuhi. Katika ugonjwa wote huo hatukumwona mtu wa Mubi hata mmoja.

Msibani wamefika. Baba mkubwa amekuja na lori tupu na kamba kumzika ndugu yake. Jana alisimama jikoni kwetu akawaambia wageni: "Huyu mwanamuke wa pori alimulisha karuho." Karuho, ile sumu ya polepole! Mnajua mjane anayesemwa hivyo hulala wapi. Hafukuzwi na sheria, anafukuzwa na macho ya watu. Na mashini yake hupanda lori la nani?

Sasa sikiliza, Baba mkubwa. Mashini ile imepimwa kwa hewa ya hapa, na wanaojua kuipima tumebaki mimi na Mama. Ukiishusha Mubi hivyo ilivyo itapata joto, na pistoni itatoboka kabla hujamaliza gunia la pili. Sikuambii kwa upendo. Nakuambia ili usije kusema Mama ameiroga na mashini pia.

Papa ameacha mjane mmoja, Jeannette; watoto watatu, Laetitia, Patient na Carmel; wajukuu watano; na kaka mmoja.

Hapa nitashusha karatasi na kunyamaza. Baba mkubwa, neno lile la jikoni lirudie hapa, mbele ya jeneza, huku Mama anakutazama.

Kama umeshindwa kulisema, basi lori lako lishuke Mubi tupu, Mama arudi nyumbani kwake, na Papa apumzike kwa amani.