Mama Agape, Aliyetembelea Runinga za Watu

Leo Jumatatu, tarehe 30 Juni 2003, tukishafunga duka, Bibi Notburga Mbawala atavua koti lake la kazi na kulitundika msumarini kwa mara ya mwisho. Ametumika miaka ishirini na tisa nyuma ya kaunta ile ile. Jina la Notburga hutumiwa na mhasibu peke yake. Mji mzima wa Songea unamwita Mama Agape, na mimi nitamwita hivyo hivyo, maana nikithubutu kumwita Notburga ataniuliza tulicheza wote wapi utotoni.

Uongozi umeniomba mimi, Aidan Ngonyani, fundi wa meza ya nyuma, niandike wasifu huu wa programu ya sherehe. Nadhani waliogopa kwamba wenzangu wangeandika kwa adabu mno.

Mama Agape alianza kazi mwaka 1974, duka likiwa bado la shirika la umma. Redio zilikuja kwa mgao, na watu walipanga foleni kabla hata ya kujua kinacholetwa. Wakati huo hakuna aliyeuliza habari za garantii. Ukipata redio ulimshukuru Mungu ukaondoka haraka, wasije wakabadili mawazo. Mwanzoni mwa miaka ya tisini shirika likafa, duka likanunuliwa na Sauti Njema Elektroniki ya Dar es Salaam, na wafanyakazi wengi wakapunguzwa. Yeye alibakizwa kwa sababu aliwajua wateja mpaka majina ya watoto wao. Bidhaa nazo zikamiminika: redio kaseti, deki, friji, na hatimaye runinga.

Alikuwa na mazoea ambayo hayamo katika kanuni yoyote ya kazi. Ukinunua runinga, Jumamosi inayofuata mchana utamwona uani kwako, mwavuli mkononi, anapiga hodi. Atakwambia amekuja kumsabahi mgeni. Mgeni ni ile runinga. Ataketi, atakunywa chai, atauliza habari za watoto na za mahindi, halafu atainuka kana kwamba anaaga, apitishe kiganja mgongoni mwa runinga kama mama anayempima mtoto homa. Kisha amri zitaanza: isogezeni mbali na ukuta ipumue, mfukuzeni huyo mjusi, na hicho kitambaa kitoke sasa hivi!

Loo, vitambaa! Mtu wa mji huu anayejiheshimu ana vitambaa vya kufuma kila mahali, kwenye makochi, kwenye stuli, kwenye redio. Runinga ilipoingia nayo ikavishwa cha kwake, kipana, kinachoziba mpaka matundu ya mgongoni. Jioni wakiiwasha wanakipandisha mbele tu kama pazia, nyuma kinabaki, na ndani mambo yanachemka. Na mfumaji hodari kuliko wote mtaa wa Bombambili alikuwa nani? Mama Agape huyo huyo! Enzi za redio, alimtunuku kila mteja kitambaa. Runinga zilipoanza kuungua akaelewa, akapita nyumba hadi nyumba akivivua vitambaa vyake mwenyewe, akaanza kufuma vidogo vya kutandika mezani, chini ya runinga. Mama mmoja wa Ruhuwiko alinuna mwaka mzima, akidai runinga yake imeachwa uchi.

Mwaka 1998, watu wakiwa na homa ya Kombe la Dunia, kampuni ikaleta garantii ya nyongeza. Ile ya kawaida, ya mwaka mmoja, huja bure na chombo. Hii nyingine mteja anailipia kando siku ya kununua, ili aongezewe miaka miwili. Meneja wetu wa wakati huo, Bwana Saimon, kijana aliyehamishiwa kwetu kutoka Dar, alishuka na agizo kwamba kila mteja auziwe, na muuzaji asiyefikia lengo hadi Krismasi ampishe mwingine. Akapiga marufuku na zile ziara za Jumamosi, eti mfanyakazi wa kampuni hana kazi ya kunywa chai kwa wateja.

Mama Agape alikuwa mjane. Binti yake, Agape, alikuwa chuo cha ualimu, na nyumba aliyokuwa akiijenga Ruhuwiko ilikuwa imesimama kwenye lenta inasubiri bati. Kwa hiyo jambo lile halikuwa la mchezo. Akiisukuma garantii kwa kila mtu, kazi anabaki nayo, lakini jirani zake wanalipia kitu ambacho wengi hakitawasaidia. Akisema ukweli, mtoto anasoma kwa hela gani?

Na ukweli wenyewe ulikuwa huu. Garantii ile ilihudumiwa Dar tu. Runinga ikizimika Songea, uipandishe kwenye keria ya basi, ikafike huko na wewe huna hata pa kulala ukiisubiri. Haikulipa kwa umeme uliopanda na kushuka, na umeme wa mji wetu siku zile ulikuwa na hasira zake. Haikulipa kwa joto la kufunikwa, wala kwa panya aliyezaa ndani.

Basi Mama Agape akawa anamweleza kila mnunuzi kwa kifupi: "Ikifa yenyewe watakulipa. Ikiuawa hawakulipi. Sasa niambie, kwako itakufaje?" Mtu anacheka, anaiwaza sebule yake, anamwaza shemeji anayegusagusa nyaya, mwisho anaona afadhali anunue stebilaiza ya kutuliza umeme. Lakini msidhani alikuwa anaipiga vita. Dada Lidwina, muuguzi aliyekuja kutoka hospitali ya Mbesa kununua friji, aliambiwa ailipie bila kusita, kwa sababu gari la kazini kwao lilikwenda Dar mara kwa mara, na friji lingekaa chumba chenye hewa ambacho watoto hawaingii. Friji lile lilikufa lenyewe mwaka wa pili, likapanda gari, likatengenezwa, likarudi. Dada Lidwina alituletea korosho.

Hata hivyo watu wa namna hiyo walikuwa wachache, na lengo lilikuwa mbali. Siku moja Bwana Saimon alimwita ofisini. Mimi wakati huo nilikuwa fundi wa barazani, ng'ambo ya barabara, na sauti ilinifikia hata mimi: kwamba anafukuza biashara, kwamba Krismasi hiyo inakuja, asije akamlaumu mtu. Mama Agape alitoka, akafuta kaunta, akamwuliza mteja aliyefuata runinga yake itakaa chumba gani. Nilipandwa na hasira nusura nivuke barabara.

Sasa, Bwana Saimon mwenyewe alikuwa na runinga mpya nyumbani, na garantii ya nyongeza aliilipia wa kwanza ili awe mfano. Mkewe, Jane, alikuwa amejifungua, na Mama Agape, pamoja na kugombezwa kote, alimpelekea shali la manjano alilolifuma mwenyewe la kumfunikia mtoto. Jane akaliona zuri mno, mtoto atalichafua. Akaifunika runinga. Kama ziara za Jumamosi zingekuwepo, shali lile lingevuliwa wiki ile ile. Lakini ziara zilikuwa marufuku, na aliyezipiga marufuku tunamjua.

Novemba runinga ya meneja ikatoa moshi. Ikapanda basi, ikafika Dar, ikafunguliwa. Mafundi wakakuta nyuzi za manjano zimeyeyuka kwenye matundu, wakairudisha kama ilivyo. Haikulipwa.

Bwana Saimon aliileta dukani mwenyewe, ameikumbatia. Mama Agape akaziona zile nyuzi, akautambua uzi wake. Duka zima likasubiri acheke. Mimi, nasema kweli, ningecheka mpaka nikae chini. Yeye alizunguka kaunta, akampa pole, akauliza kwa mshangao kama siku zote hizo mtoto alikuwa analala bila shali. Kisha akaishika runinga upande wa pili, wakavuka nayo barabara hadi kwangu, nami nikabadili vilivyoungua ikawaka.

Bwana Saimon, nampa haki yake, hakuificha aibu kwa ukali. Alirudi kaunta akamwomba Mama Agape amwambie garantii iweje ndipo aweze kuiuza kwa moyo mweupe. Jibu alikuwa nalo tayari mdomoni: chombo kitengenezwe hapa hapa Songea, na muuzaji aruhusiwe kukitembelea. Makao makuu yalibisha, yakabisha, mwisho yakakubali kwa majaribio. Krismasi ikapita, hakuna aliyefukuzwa. Mimi nikahama barazani nikapewa meza ya nyuma, Ruhuwiko bati likapanda, na Agape akamaliza ualimu.

Tangu hapo Mama Agape aliiuza garantii kwa furaha, tena kuliko tawi lolote la kampuni, na bado kuna wateja aliowakatalia waziwazi. Wauzaji wapya waliletwa kwake wajifunze. Aliwafundisha wamwulize mtu kwanza nyumba yake ikoje, na chai wasikatae. Kasoro zake nazo zipo: hakuwahi kurudisha kalamu ya mtu, na akianza kusimulia harusi ya Agape foleni hufika mlangoni.

Nimalizie na zawadi. Tumemchangia runinga. Ugomvi ukazuka juu ya garantii ya nyongeza: Kajetani wa stoo alitaka tuilipie, Verediana wa malipo akasema ni kutupa hela. Tukaamua tumwulize mwenye utaalamu bila yeye kujua. Verediana akaenda kaunta akajifanya kuna mteja, mama mtu mzima anayestaafu, anayekaa peke yake, mtoto wake wa pekee kaolewa mbali. Je, tumwuzie?

Mama Agape alivua miwani, akauliza maswali yake yote, akasema: "Huyo msimuuzie. Runinga yake haitakufa, nani wa kuichezea? Huyo kinachomtisha ni nyumba isiyopigwa hodi. Mwacheni na hela yake, ila mwende mkamwone." Akavaa miwani, akaendelea kupanga betri.

Verediana alikimbilia stoo kutafuta katoni ambayo haipo. Mimi nililia, na sisingizii moshi wa risasi ya kulehemu nyaya.

Kwa hiyo, Mama Agape, runinga tutakayokukabidhi leo haina garantii ya nyongeza. Tumefuata ushauri wako. Jumamosi hii mchana nitakuja mimi, ifuatayo Verediana, halafu Kajetani na mkewe, na kuendelea. Tutakunywa chai, tutauliza habari za mahindi, tutapitisha kiganja mgongoni mwa runinga, na tukikuta kitambaa tutakivua hata ukinuna. Asante kwa ukweli uliotuambia sisi na mji huu. Tunakuombea afya, usingizi mtamu na mapumziko marefu. Ukisikia hodi Jumamosi, usiulize ni nani.