Mwalimu Masikio na Ugomvi wa Mtaro

Ndugu waombolezaji, familia imenituma nisome, nami nitasoma yaliyo kweli tu, kwani marehemu hakutaka mtu apakwe mafuta kwa mgongo wa chupa.

Dada yetu alizaliwa tarehe 3 Aprili 1972, katika chumba cha nyuma cha nyumba hii, mtoto wa pili wa fundi cherehani na mkunga, akasoma shule ya msingi ng'ambo ya reli, kisha sekondari ya bweni, kisha chuo cha ualimu alikohitimu mwaka 1995, na mwaka uleule akaanza kufundisha uraia katika sekondari yetu ya mtaani, asihame hadi mwisho. Tarehe 12 Desemba 1998 alifunga ndoa na shemeji yetu, fundi umeme, mtu wa maneno machache, wakajaliwa mabinti wawili, hawa mnaowaona mbele.

Mwaka 2017 seremala na mwenye duka waligombania mtaro wa maji machafu uliopita kati ya nyumba zao, mtaa ukagawanyika, na darasani watoto wa upande huu wakakataa kukaa dawati moja na wa upande ule, nayo mada ya muhula, ajabu ya Mungu, ilikuwa utatuzi wa migogoro. Mwalimu akarudi nyumbani na chaki viganjani, akijiuliza anafundisha nini na kwa nani. Ndipo akaanzisha podikasti, vipindi vya kusikiliza kwenye simu: wanafunzi wakawarekodi wazee wote wawili, kila mmoja kwa siku yake, ndani ya stoo ya magodoro ya michezo ambako kelele hazipenyi. Sharti lake lilikuwa moja, mwenye sauti aisikie kwanza yeye, kabla ya darasa.

Seremala akasikiliza, akasonya, akauliza, "Nani huyu mzee, mbona anabweka?"

Mwanafunzi mmoja wa kike akamjibu taratibu, "Ni wewe, babu."

Jamani! Mtu tuliyekuwa tukimkimbia akanywea, akaomba airudie, kisha akaomba asikie na ya mwenzake. Akasihi yake ifutwe, Mwalimu akakataa: "Yaliyosemwa yamesemwa, mzee wangu, wewe ongeza." Akaongeza kwamba mtaro ulikuwapo kabla yao wote wawili. Mwenye duka naye akaisikia nyongeza hiyo, na kabla ya mvua waliuzibua pamoja, madawati yakachanganyika, na watoto wakampa mwalimu wao jina la Mwalimu Masikio. Wapo wanaoiita bahati, hao tuonane baada ya mazishi.

Figo zilianza kumsumbua mwaka 2023, akafundisha hadi miguu ilipokataa, akafariki hospitalini Jumatatu, tarehe 9 Juni 2025.

Tunawashukuru madaktari, wauguzi, majirani na walimu wenzake. Jeneza hili kalitengeneza seremala, kitambaa cha ndani katoa mwenye duka, wala hakuna aliyewaomba.

Kila kipindi ulikifungua kwa kutuambia tunyamaze, tusikilize. Tumenyamaza, Mwalimu Masikio. Pumzika kwa amani.